Mota Ndani ya Black Mamba: Historia ya Baiskeli ya Umeme Ikitazamwa Kutoka Eldoret

Leo tuweke kando hifadhidata na misimbo, tuzungumze juu ya baiskeli.

Marafiki kadhaa hapa mjini wameniuliza swali moja, kila mtu kwa maneno yake: je, baiskeli ya kawaida yaweza kuwekwa mota ya stima ikafanya kazi ya maana, au huo ni mchezo wa watu wenye pesa? Nilitaka kujibu kwa mistari mitano. Nikashindwa, kwa sababu jibu limekaa ndani ya historia, na historia yenyewe wengi wetu tunaijua kinyume. Tunadhani seti ya mota ni teknolojia mpya iliyotoka Uchina juzi. Ukweli ni kwamba wazo hili ni la zamani kuliko Eldoret. Mji wetu ulianza na posta kwenye Shamba Namba 64 mwaka 1910, ndiyo maana mpaka leo kuna wazee wanaouita Sisibo. Wakati huo, baiskeli ya kwanza kufungwa mota ilikuwa imeshapita kwa karibu miaka 30.

Haya, tuanze. Ni makala marefu kidogo, chukua chai.

1. KUTOKA MPAKA HADI MPAKA

Kabla ya mota kulikuwa na miguu, na kabla ya pikipiki, boda boda ilikuwa ni baiskeli. Vijana wa leo wakisikia "boda" wanafikiria Boxer na kelele zake, lakini jina lilitoka kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia na Malaba, katika miaka ya 1960 na 1970. Kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande wa pili kulikuwa na mwendo wa kutembea, na gari la abiria lisingeweza kuvuka bila karatasi nyingi. Mwenye baiskeli aliona nafasi. Akafunga mto juu ya keria, akaanza kuita abiria kwa kutaja safari yenyewe: kutoka boda hadi boda.

Kutoka Malaba, barabara kuu inapanda hadi Webuye na kufika hapa kwetu, ikipita katikati ya mji kwa jina la Uganda Road. Kazi hiyo ilipanda na barabara. Msomaji wa umri wangu aliyekulia Langas, Huruma au Munyaka hana haja ya kuambiwa, anaikumbuka mito ya rangi rangi yenye nyuzi zinazoning'inia na vyuma vya kukanyagia miguu vilivyochomelewa pembeni mwa gurudumu la nyuma.

Naomba uvitazame vyuma hivyo vya miguu kwa makini. Hakuna kiwanda cha Nottingham wala Ludhiana kilichoviweka. Baiskeli zenyewe zilikuwa za chuma zito, za mtindo ambao Raleigh ya Uingereza ilieneza duniani na baadaye kampuni kama Hero ya India na Phoenix ya Uchina zikaunakili: magurudumu ya inchi 28, breki za fito, gia moja. Sisi tukaziita Black Mamba. Lakini keria iliyoimarishwa, stendi ya miguu miwili inayobeba gunia, mto wa abiria, hayo yote yaliongezwa na mafundi wa jua kali. Mamba ilikuwa ni jukwaa. Mwenye kiwanda alitoa toleo la kwanza, fundi wa mtaani akaandika mengine yote juu yake, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Shida yake ilikuwa moja: mlima. Mtu wa kawaida akikanyaga kwa utulivu hutoa kama wati 75 hadi 100. Chukua safari ya Eldoret hadi Iten. Sisi tuko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Iten iko kama mita 2,400. Mwendeshaji pamoja na baiskeli na mzigo mdogo, tuseme kilo 120. Kuinua kilo 120 kwa mita 300 kunahitaji karibu wati-saa 98. Yaani mtu anayetoa wati 100 atatumia kama saa nzima kulipa deni la mlima peke yake, kabla hajahesabu upepo, mchanga na msuguano wa tairi. Mwekee na mtungi wa maziwa au abiria, na utaelewa kwa nini kazi hiyo ilikuwa ya vijana tu, na kwa nini haikuwa ya miaka mingi.

2. PARIS 1881, CANTON 1895

Sasa twende mbali kidogo. Mwaka 1873, kwenye maonyesho makubwa ya Vienna, watu waliona jambo la ajabu: mashine ya Zénobe Gramme iliyotengenezwa kuzalisha umeme ilizungushwa yenyewe kwa umeme uliotoka kwa mashine nyingine ya aina hiyo. Maana yake ni kwamba dainamo na mota ni kitu kimoja. Ukiizungusha inakupa umeme, ukiipa umeme inazunguka. Lishike hilo, tutalihitaji tena.

Miaka minane baadaye, Aprili 1881, Mfaransa aitwaye Gustave Trouvé alifanya hasa kile ambacho marafiki zangu wananiuliza. Hakubuni chombo kipya. Alichukua baiskeli ya magurudumu matatu iliyotengenezwa Uingereza, kitu cha kununuliwa dukani, akaifunga mota ndogo na betri za risasi za aina aliyovumbua Gaston Planté mwaka 1859, akaiendesha kwenye mtaa wa Paris. Kwa hiyo chombo hicho, ambacho wengi hukihesabu kuwa gari la kwanza la umeme lenye betri ya kuchajiwa, kilikuwa ni baiskeli iliyobadilishwa. Kubadilisha ndiko kulikotangulia, viwanda vikafuata.

Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton wa mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani, alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Hakukuwa na gia wala mkanda, kitovu chenyewe ndicho kilichozunguka. Betri ilikaa ndani ya pembetatu ya fremu. Ukiuchukua mchoro wake leo ukamwonyesha muuza seti za mota, atakuambia anayo hiyo, uchague ya wati ngapi. Miaka miwili baadaye, 1897, Hosea Libbey wa Boston alipata hataza ya mota iliyokaa kwenye ekseli ya pedeli, ambayo leo tunaiita mota ya kati. Na mwaka 1899 John Schnepf alipata yake, ya roda inayosugua tairi kutoka juu. Kufikia mwisho wa karne ya 19, namna zote tatu kuu za kusukuma baiskeli kwa umeme zilikuwa zimeshaandikwa kwenye karatasi.

Mbona basi babu zetu hawakuziona?

3. MIAKA MIA YA KUNGOJA BETRI

Soma hataza ya Bolton utapata jibu. Mota yake ilikuwa ya volti 10 na iliweza kuvuta hadi ampea 100. Zidisha upate wati 1,000. Betri ya risasi ya kutoa nguvu hizo kwa muda wa maana ingekuwa nzito kuliko abiria.

Hata baadaye, betri ya risasi haikubadilika vya kutosha. Mfano: ili upate volti 36 unaunganisha betri tatu za volti 12. Za ampea-saa 12 kila moja ina kama kilo 4, jumla kilo 12. Kwa hesabu hizo una wati-saa 432, lakini betri ya risasi ukiimaliza kabisa mara kwa mara inakufa upesi, kwa hiyo unatumia kama nusu. Umebeba kilo 12 kwa ajili ya wati-saa 200 hivi. Betri ya lithiamu ya kiasi hicho hicho ina kama kilo 3, na karibu nguvu yake yote inatumika.

Kati ya Bolton na sisi ilibidi mambo matatu yatokee, na hakuna hata moja lililotokea kwa ajili ya baiskeli.

Kwanza, sumaku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Masato Sagawa wa Japani na watafiti wa General Motors ya Marekani, kila upande kivyake, walipata sumaku ya neodimiamu. Sumaku ndogo yenye nguvu kubwa iliwezesha mota ndogo yenye nguvu kubwa.

Pili, betri. Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ioni, kwa ajili ya kamera za video. Kazi iliyozaa betri hizo iliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Tatu, na hapa ndipo watu wa kompyuta tunaingia, transista za nguvu na vichipu vya bei nafuu. Mota ya Bolton ilibadilisha mkondo kwa brashi zinazosuguana na kuchakaa. Mota ya leo haina brashi. Vihisi vitatu vya sumaku vinauambia ubongo mdogo ndani ya kidhibiti kwamba gurudumu liko pembe gani, na ubongo huo unafungua na kufunga transista sita kwa zamu, mara nyingi kwa sekunde. Kipande cha kaboni kiliondoka, programu ikachukua nafasi yake.

Yamaha ya Japani ilipoleta baiskeli yake ya PAS mwaka 1993, iliongeza kihisi cha kupima nguvu ya mguu, mota ikasaidia kadiri unavyokanyaga. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ni baiskeli nzima ya kununua dukani Japani. Kilichozifanya seti zishuke bei ni Uchina. Mwaka 1999 Uchina iliweka kiwango cha taifa cha baiskeli za umeme: zisizidi kilomita 20 kwa saa, kilo 40 na wati 240. Kisha sheria ya usalama barabarani iliyoanza kutumika Mei 2004 ikaziweka kwenye kundi la vyombo visivyo vya moto, wakati ambapo miji mingi ya huko ilikuwa inapiga pikipiki za petroli marufuku. Mwendeshaji hakuhitaji leseni. Kufikia mwisho wa miaka ya 2000 viwanda vya huko vilikuwa vinatoa baiskeli za umeme zaidi ya milioni 20 kwa mwaka. Mota za kitovu zikawa kama sahani za plastiki. Ndipo zikaanza kuuzwa zenyewe, na kidhibiti, na waya, kwa yeyote mwenye baiskeli.

4. WAKATI HUO HUO, HAPA KWETU

Linganisha tarehe. Uchina ilifunga mlango wa petroli na kufungua wa umeme. Sisi tulifungua wa petroli. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki za injini chini ya 250cc. Pikipiki kutoka India na Uchina zikaingia kwa wingi, na jina la boda boda likahama kutoka baiskeli kwenda pikipiki bila hata kubadilisha herufi moja.

Simlaumu mtu. Aliyekuwa akipanda mlima na abiria mgongoni hakuhitaji kushawishiwa. Pikipiki ilimpa kipato na ikampumzisha kifua. Mgonjwa alifika hospitali usiku. Lakini kuna waliobaki nyuma: wale ambao hawakuweza kupata mkopo wa pikipiki, na ambao mtaji wao wote ulikuwa ni Mamba na miguu miwili. Soko lao lilikufa katika miaka michache. Na waliopata mkopo walijifunga kwenye petroli, ambayo Septemba 2023 ilivuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza. Bei ya Nairobi ilikuwa 211.64.

Na kuna jambo linalonisikitisha kidogo kama mtu wa teknolojia. Miaka ile ile, Wakenya walikuwa wameshika ncha ya pili ya uzi. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa uhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, walitangazwa hadi na BBC kwa kifaa kilichochaji simu kwa dainamo ya baiskeli. Walikiunda kwa vipuri vya takataka za elektroniki na kukiuza kwa shilingi 350. Juni 2010 Nokia nayo ikatangaza chaja yake ya baiskeli, na ikaitangazia hapa hapa Kenya, mjini Nairobi.

Kumbuka Vienna 1873: dainamo na mota ni kitu kimoja. Tulikuwa tunatoa umeme kwenye baiskeli ili kulisha simu, kwa sababu nyumba nyingi za mashambani hazikuwa na stima. Dainamo ya kawaida ya chupa inatoa wati 3 kwa volti 6, zinatosha simu. Kule Uchina walikuwa wanarudisha umeme ndani ya baiskeli, wati 240. Ni mashine ile ile ikitazama upande mwingine. Kilichotutenganisha ni betri nafuu na sera, wala siyo akili.

Pesa za umeme zilipofika Afrika Mashariki zilikwenda kwenye pikipiki na magari. Opibus, iliyoanzishwa 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, ilianza kwa kubadilisha magari ya safari kuwa ya umeme, kisha ikageukia pikipiki na mabasi. Ampersand ilianza Rwanda kabla ya kuja Kenya. Baiskeli ilipata wachache tu, kama shirika la FABIO la Jinja, Uganda, lililoleta baiskeli za mizigo za umeme zilizobuniwa kwa barabara zetu.

5. SETI INAPOKUTANA NA MAMBA

Sasa tufike kwenye spana. Seti ya kawaida ina gurudumu lenye mota kwenye kitovu, kidhibiti, mshiko wa kuongeza mwendo, kihisi cha pedeli, mikono ya breki inayokata mota, na kionyeshi. Betri mara nyingi huuzwa kando, na ndiyo ghali kuliko vyote. Mota ya wati 250 ni kama kuongeza watu wawili au watatu wanaokanyaga pamoja nawe bila kuchoka. Kwa mlima wetu hilo ni jambo kubwa.

Lakini seti hizi hazikutengenezwa zikiiwaza Mamba. Nilipompelekea fundi mmoja mzee wa hapa mjini gurudumu lenye mota lililoandikwa "28", alilisimamisha karibu na la Mamba, akalitazama, akacheka.

"Kijana, hii ni ishirini na nane ya Wachina, na ile ni ishirini na nane ya Wahindi. Ni majina tu yanafanana, kama Kiprono wawili darasani."

"Sasa tutafanyaje, mzee?"

"Kwanza tupime. Jina halibebi mzigo."

Alikuwa sahihi kabisa. Rimu ya Mamba, pale tairi inapokaa, ina kipenyo cha milimita 635. Ile "28" ya seti ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Hapa mtu wa programu atatabasamu: vigezo viwili vyenye jina moja na thamani tofauti.

Utasema, basi tutoe mota tuifume kwenye rimu ya Mamba. Hapo kuna hesabu nyingine. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Mota nyingi za kitovu zina matundu 36. Yaani haiingii mbele wala nyuma! Utahitaji rimu ya matundu 36, na ukichukua ya kisasa ya milimita 622, breki za fito zinakuwa hazina kazi, kwa sababu fito za Mamba huvuta raba juu, zikashika rimu kwa upande wa ndani, na rimu ya kisasa imetengenezwa ishikwe ubavuni.

Na breki siyo jambo la kupuuza. Breki za fito kwenye rimu ya chuma kilichong'arishwa hushika vizuri wakati wa ukavu. Mvua ya Aprili ikianza, zinateleza. Kwa mwendo wa miguu unaweza kuvumilia. Kwa mwendo wa mota, ukiwa unashuka kuelekea daraja la Sosiani na lori liko mbele yako, usivumilie. Pia mikono ile ya kukata mota imetengenezwa kwa breki za waya, haina pa kukaa kwenye usukani wa Mamba.

Upana nao. Mota ya nyuma hutaka nafasi ya milimita 135 kati ya miguu ya fremu. Fremu nyingi za zamani za gia moja zina milimita 110 hadi 120. Chuma cha Mamba chaweza kutanuliwa na fundi anayejua kazi yake, taratibu, pande zote mbili sawa. Fremu ya alumini usijaribu.

Mwisho, ekseli. Hili ndilo linalovunja watu meno. Kwenye gurudumu la kawaida ekseli imetulia tu. Kwenye mota ya kitovu, kila nguvu inayosukuma gurudumu mbele inasukuma ekseli izunguke nyuma. Mota ikitoa torki ya nyutoni-mita 40, na ekseli ikiwa imeshikwa kwa kingo zilizo umbali wa milimita 10, kingo hizo zinasukumwa kwa nyutoni 4,000, kama uzito wa kilo 400. Uma ukikubali, ekseli inatoka, waya zinakatika, na gurudumu la mbele linaweza kukuacha hewani. Dawa yake ni chuma bapa chenye tundu la umbo la ekseli, kilichofungwa kwenye fremu ili kuizuia isizunguke. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa chuma chakavu. Bila chuma hicho, usitoke nje ya geti.

Suluhisho tulilofikia ni la kawaida: gurudumu la nyuma lenye mota, rimu ya kisasa, breki za waya mbele na nyuma, fremu imetanuliwa, betri katikati ya pembetatu ya fremu, pale pale alipoiweka Bolton mwaka 1895. Fito za zamani zilitoka. Keria ilibaki.

6. STIMA YENYEWE NA SHERIA YAKE

Kwa baiskeli inayosaidiwa, chukua wati-saa 10 kwa kilomita. Kilomita 50 ni wati-saa 500, nusu uniti. Hata ukihesabu shilingi 30 kwa uniti ili tusijidanganye, na kuongeza kidogo kwa joto la chaja, hufiki shilingi 20. Pikipiki ndogo kwa umbali huo inakunywa lita moja na zaidi. Aprili 2023 EPRA iliidhinisha bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa uniti na 8 nyakati za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo, lakini hiyo yataka mita yake. Wewe mwenye betri moja nyumbani unalipa kama unapiga pasi.

Na umeme huo hauagizwi kwa meli. Bwawa la Owen Falls la Jinja lilipofunguliwa 1954, Kenya ilifanya mkataba wa kununua megawati 30, na laini ilitoka Tororo ikapita Lessos, jirani zetu, ikielekea Nairobi. Tangu 1991 Turkwel nayo inaleta umeme wake hapo hapo Lessos. Tumekaa karibu na njia panda ya stima kwa zaidi ya miaka 60 huku tukipanda milima kwa petroli ya Mombasa.

Upande wa kodi, Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka baiskeli za umeme na betri za lithiamu kwenye VAT ya asilimia sifuri. Upande wa barabara mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Trafiki, Cap. 403, ina mizizi miaka ya 1950, na tafsiri yake ya chombo cha moto inashika chochote kinachoendeshwa kwa nguvu za mashine. Haina kizingiti cha wati. Ulaya tangu 2002 imesema wazi: wati 250, mota ikate ukifika kilomita 25 kwa saa, na lazima ukanyage, basi hiyo ni baiskeli. Uchina ilisema 1999. Machi 2024 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ilizindua rasimu ya sera ya taifa ya usafiri wa umeme. Mstari mmoja kama huo wa Ulaya au Uchina, ukiandikwa kwenye sheria yetu, ungemwondolea mbeba maziwa hofu ya kusimamishwa barabarani na kuulizwa leseni ya pikipiki.

7. NANI ATAFUNGUA SANDUKU?

Hili ndilo lililonifanya niandike. Mamba iliishi miaka yote hiyo kwa sababu ilifunguka. Kila nati yake ina spana mtaani. Ukibadilisha baiskeli kuwa ya umeme unaongeza sanduku dogo jeusi lililojazwa gundi, lenye programu ndani. Likikataa, fundi wa miaka 40 anabaki anatazama.

Haikulazimu iwe hivyo. Mhandisi wa Sweden, Benjamin Vedder, aliutoa mchoro na programu ya kidhibiti chake cha VESC kwa kila mtu, na watu duniani kote wanaviunda. Mota za kati za Tongsheng na zile za zamani za Bafang zina programu huria zilizoandikwa na watumiaji wenyewe, unaunganisha waya kwenye kompyuta na kubadilisha unavyotaka. Lakini mota mpya zaidi za Bafang zilihamia mawasiliano ya CAN, na mlango ukawa mgumu. Betri nazo zimeanza kuulizana nywila na mota, ukiweka ya kampuni nyingine inakataa.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale marafiki ni hili. Ndiyo, inawezekana, na kwa safari fupi za mlima zenye mzigo ina faida. Lakini kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali matatu. Rimu ni milimita ngapi, siyo inchi ngapi? Betri ina mfumo wa kulinda seli, na seli moja ikifa naweza kubadilisha hiyo moja? Kidhibiti kinakubali betri na kionyeshi cha kampuni nyingine? Akishindwa la kwanza, pima mwenyewe. Akishindwa la pili na la tatu, unanunua kitu ambacho siku kikiharibika hakuna mtu Eldoret atakayekuwa na ruhusa ya kukitengeneza.

Mafundi wetu waliwahi kugeuza baiskeli ya Nottingham kuwa teksi ya Malaba bila mwongozo wa kiwanda. Wakipewa mchoro wa kidhibiti na darasa la wiki chache la kuchomea vipuri, sioni kwa nini washindwe na transista sita. Mimi nimeanza kutafsiri maelezo ya VESC kwa Kiswahili, polepole, jioni baada ya kazi. Nikimaliza sehemu ya kwanza nitaiweka hapa muipakue.

Kwa leo yatosha. Wasalaam, na kumbukeni: breki kwanza, mota baadaye.